Baka lisilowasha kwa mtoto wa miaka 11, na baba yake ameanza dawa ya ukoma: nipime nini, na nani mwingine achunguzwe?

reko_ruashi

Jambo yenu wote. Swali ni la lupango (ua lenye nyumba za wapangaji) moja hapa Ruashi. Watu tisa, vyumba viwili. Baba wa nyumba amepatikana na ukoma wa mabaka mengi, ule wanaouandika MB kwenye fishi (karatasi ya mgonjwa), na yuko wiki ya tatu ya plakete (pakiti ya dawa ya mwezi) ya kwanza. Familia ilihamia Lubumbashi kutoka upande wa Manono, sasa yapata miaka sita.

Mtoto wao wa kiume wa miaka 11 ana baka moja mgongoni, chini kidogo ya bega la kushoto, upana kama sentimita 4. Limepauka, haliwashi, haliumi. Mama amelipaka krimu ya tyubu ya farmasi miezi miwili, limebaki vile vile. Mama mwenyewe ana mimba ya miezi mitano. Bibi anakohoa zaidi ya wiki tatu. Kuna pia mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayelala na wazazi.

Baka hilo ninaweza kulipima namna gani pale nyumbani kabla ya kumpeleka kituoni, bila kifaa? Wapangaji wenzao wanadai baba apewe sahani yake na kikombe chake, na mwenye lupango anataka ahame kabisa; je, hofu hiyo ina msingi? Tena nimesikia kuna dawa ya kumeza mara moja tu ya kuwakinga waliobaki. Nani anapewa, nani hapewi?

infirmie_katuba

Tuanze na baka, ndilo lisilosubiri.

Mtoe mtoto nje penye mwanga wa jua, si chumbani chini ya balbu. Kwenye ngozi nyeusi baka la ukoma hupauka tu, au huwa na wekundu wa shaba; haliwi jeupe kabisa kama chaki. Jeupe la chaki ni ugonjwa mwingine wa kupoteza rangi. Usiishie kwenye baka ulilooneshwa. Mkague mwili mzima kuanzia nyuma ya masikio hadi nyayo, mzazi akiwa hapo, na kaptula ishushwe uone makalio. Kwa watoto wa umri huo makalio na mgongo ndiko mabaka yanakopita miaka bila kuonekana: mtoto hajioni, na mama alikwisha kuacha kumwogesha. Hesabu mabaka yote na uandike. Moja hadi matano ni kundi la PB (bakteria wachache), zaidi ya matano ni MB (bakteria wengi), na hesabu hiyo ndiyo inayoamua miezi ya dawa.

Sasa pamba. Chukua kipande kidogo, sokota ncha iwe nyembamba. Mtoto akiwa macho wazi, gusa mkono wake penye ngozi nzima ili aelewe mchezo. Kwa kawaida tunamwambia aoneshe kwa kidole pale alipoguswa, lakini mgongoni kidole hakifiki, kwa hiyo ahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, kila anapoguswa. Usimuulize "unasikia?" Mtoto akiulizwa hivyo atajibu ndiyo ili akupendeze, hata hujamgusa. Kisha afumbe macho. Gusa nje ya baka, halafu ndani, halafu nje tena, bila mpangilio, na nafasi kati ya mguso na mguso isilingane, maana watoto hushika mdundo upesi na kuhesabu kwa kubahatisha. Ncha ikunjike tu kwenye ngozi, usiiburute. Ukiiburuta unagusa eneo kubwa na vinyweleo, atasikia hata pale ambapo neva (mishipa ya fahamu) zimekufa.

Akipata nje kila mara na akakosa ndani ya baka mara kwa mara, hiyo peke yake inatosha kumwita mgonjwa wa ukoma. Akikosa nje pia, basi hajaelewa. Mpe maji, apumzike, rudia.

Dalili ndogo inayosaidia: mtoto akimbie mpaka atoe jasho. Baka la ukoma mara nyingi hubaki kavu katikati ya ngozi inayong'aa kwa jasho, na vinyweleo vyake ni vichache. Mba ya fangasi hutoa unga ukiikwaruza kwa ukucha na huwa madoa mengi madogo shingoni na kifuani. Choa lina ukingo ulioinuka na linawasha.

Krimu ya tyubu isimame leo. Nyingi za tyubu hizo zina betametazoni, peke yake au pamoja na dawa ya fangasi. Betametazoni hufifisha wekundu na uvimbe, hivyo baka linaweza kuonekana kupona wakati bakteria hawajaguswa. Miezi miwili imepotea bure.

farmasi_kamalondo

Ninaongeza: wengine hutumia chupa mbili, moja ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi, au ncha ya pini. Haichukui muda na mtoto anaelewa mara moja.

infirmie_katuba

Ndugu, upo sahihi katika jambo moja: kusikia joto na baridi mara nyingi ndiko hupotea kwanza, kabla ya mguso mwepesi. Ila nyumbani hakuna anayejua maji yake yana digrii ngapi. Mwenye ganzi hatakuambia kwamba umemwunguza, na utamwacha na kidonda kwenye ngozi ile ile uliyokuja kuiokoa. Pini ina ubaya mwingine, inatoboa na inapita kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Pia maumivu hupotea nyuma ya mguso, kwa hiyo atakayesikia pini ataambiwa hana kitu, na kumbe mguso wa pamba ulikwisha kupotea. Tubaki na pamba.

Onyo moja kwa wote: kusikia pamba hakumwondolei mtu ukoma kila mara. Baka la usoni linaweza kusikia vizuri kwa sababu uso una neva nyingi mno. Na katika ukoma wenye bakteria wengi, mwanzoni mabaka ni mengi, hayana mpaka wazi, yako pande zote mbili za mwili, na yanasikia. Hao watafute kwa ngozi ya uso inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, ndewe za masikio zilizonenepa au zenye vinundu, nyusi zinazopukutika kuanzia pembeni, na pua iliyoziba miezi na kutoa damu. Hao ndio huchelewa kuliko wote, na ndio huambukiza kuliko wote.

kine_lshi

Mmeongea ngozi, niongee neva, kwa sababu ulemavu wa ukoma hautoki kwenye baka. Bakteria wa ukoma huingia ndani ya seli za Schwann, zile zinazofunika neva, na wanapenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Kwa hiyo neva wanazoharibu ni zile zinazopita karibu na ngozi: kiwiko, kifundo cha mkono, nje ya goti, ndani ya kifundo cha mguu, shingo, na ya uso.

Unamkalisha mtu mbele yako, kiwiko kimekunjwa kidogo. Nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko kuna mfereji. Humo mna neva ambayo ukiigonga mahali unasikia umeme hadi kidole kidogo. Iviringishe taratibu kwa nyama ya vidole viwili au vitatu, si kwa ukucha, ukimtazama usoni ili uone kama anakunja uso. Linganisha kulia na kushoto kila mara, kwa kuwa unene wa neva hutofautiana kati ya mtu na mtu, na fundi wa kubeba mizigo ana neva tofauti na karani. Unachotafuta ni upande mmoja kuuzidi mwingine, au ugumu wa kamba, au maumivu. Ya mguuni itafute upande wa nje, chini ya goti, pale neva inapozunguka shingo ya mfupa mwembamba wa muundi. Nyingine iko kati ya kifundo cha ndani na kisigino. Ya shingoni inaonekana hata kwa macho: ageuze kichwa upande wa pili, utaona kamba ikikatiza msuli kuelekea sikio.

Halafu nguvu. Afumbe macho kwa nguvu, wewe ujaribu kuyafungua. Atanue kidole kidogo mbali na vingine, wewe ukisukume kukirudisha. Ainue kidole gumba juu kutoka kwenye kiganja kilicholala. Ainue kiganja kwenye kifundo. Ainue unyayo kuelekea kwake. Andika ana nguvu, amelegea au amepooza, kila upande.

Mwisho, viganja na nyayo, kwa ncha ya kalamu ya biki, si pamba. Ngozi ya hapo ni nene, pamba itakudanganya. Bonyeza kidogo tu, ngozi iingie milimita 1 au 2. Kidole kidogo na ukingo wake ni neva ya kiwiko. Kidole gumba na cha shahada ni neva ya katikati ya mkono. Unyayo ni ile ya ndani ya kifundo.

Kwa nini ninasisitiza kwa mtoto mwenye baka moja tu? Baka moja likiambatana na neva iliyonenepa na iliyopoteza kazi, Shirika la Afya Duniani linamhesabu MB, anameza miezi 12 badala ya 6. Na udhaifu wa neva usiozidi miezi 6 mara nyingi unaweza kurudishwa kwa prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe. Ukipita hapo, tunabaki kufundisha mtu namna ya kuishi na mkono usiosikia: kushika sufuria ya bukari (ugali) kwa kitambaa kinene, kutokaa karibu na mbabula (jiko la makaa) usiku wa baridi ya mwezi wa saba, kukagua nyayo kila jioni.

docta_ngozi

Kuhusu sahani na kikombe: hakuna msingi wowote. Lakini wapangaji hawatatulia kwa kuambiwa "hakuna msingi", kwa hiyo nitaeleza kinachotokea.

Bakteria huyu, Mycobacterium leprae, aligunduliwa na Hansen huko Norway mwaka 1873, na hadi leo hakuna labo iliyoweza kumwotesha kwenye chupa kama wanavyooteshwa wa kifua kikuu. Ndiyo maana njia ya maambukizi imechukua muda mrefu kuthibitishwa. Ushahidi mkubwa unaelekea kwenye pua na mdomo: mgonjwa wa MB asiyetibiwa hutoa bakteria wengi sana kwa matone ya pua, na anayeishi naye karibu huyavuta. Inahitajika miezi na miezi ya kuwa karibu. Kupeana mkono, kula sahani moja, kukaa benchi moja kanisani au kubanana ndani ya teksi havitoshi. Tena zaidi ya watu 95 katika 100 wana kinga ya asili. Bakteria akiwaingia, mwili unammaliza.

Sasa jambo ambalo ningependa mwenye lupango aelewe kuliko yote. Dozi ya kwanza ya rifampisini, mojawapo ya dawa za ukoma zilizo kwenye plakete, inaua karibu bakteria wote walio hai ndani ya siku chache. Baba huyu yuko wiki ya tatu. Hatari aliyokuwa nayo ilikuwa wakati ule hakuna aliyejua, alipokuwa akikaa nao na kucheka nao. Kumhamisha leo hakuzuii ambukizo hata moja. Kunachofanya ni kumfundisha jirani mwenye baka lake chini ya shati kwamba akisema atafukuzwa. Basi huyo ananyamaza, na yeye ndiye hatari ya lupango hilo. Mgonjwa anayemeza dawa siye wa kuogopwa. Wa kutafutwa ni asiyejulikana bado.

Bakteria huyu hujigawa mara moja tu kwa takriban wiki mbili, wakati wengi tunaowajua hujigawa kwa dakika. Kwa hiyo tangu kuambukizwa hadi baka la kwanza hupita wastani wa miaka 5, na inaweza kuzidi 20. Baba alihama Manono miaka sita iliyopita, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema alipatia huko au hapa. Usipoteze muda kumtafuta aliyemwambukiza ili alaumiwe. Uliza badala yake: ndani ya miaka hii yote nani ameishi naye chumba kimoja, wakiwemo waliobaki kijijini na waliokwisha kuolewa.

Mtoto wa miaka 11 akithibitishwa, hiyo ni habari nzito. Yeye mwenyewe ameishi miaka michache tu, maana yake maambukizi ni ya karibuni na chanzo kiko ndani ya duara lake.

Ukoma haurithiwi, si laana, na mama mwenye ukoma ananyonyesha kama kawaida. Wengine watawauliza kuhusu wanyama. Huko Amerika kuna mnyama mwenye magamba anayeitwa armadilo ambaye hubeba bakteria huyu. Siye kakakuona wetu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya sokwe wa porini wenye ukoma huko Guinea-Bissau na Ivory Coast. Kwa familia ya Ruashi hayo hayabadilishi kitu. Hapa kwetu mtu huupata kwa mtu.

labo_kampemba

Fupi. Kipimo cha ngozi, ule mchanjo mdogo wa ndewe ya sikio na wa baka, hutafuta bakteria kwa darubini na husomwa kutoka 0 hadi 6+. Mwenye baka moja au mawili karibu kila mara hutoka 0. Sifuri hiyo haimaanishi hana ukoma. Inamaanisha bakteria ni wachache kuliko darubini inavyoweza kuona. Nawaomba wauguzi wasimrudishe mtoto nyumbani kwa karatasi yangu ya sifuri wakati pamba ilishasema. Kipimo hiki kina kazi kwa wale wenye ngozi inayong'aa na mabaka yanayosikia, alioeleza infirmie hapo juu, na pale mtu anapodhaniwa ameugua upya.

Kipimo cha damu cha kuthibitisha ukoma kwa mtu mmoja hakipo. Anayeuza hicho anauza kitu kingine.

msimamizi_LT

Nichukue swali la kinga, nalo linahitaji utaratibu.

Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri rifampisini dozi moja kwa walioishi karibu na mgonjwa, baada ya kuwachunguza. "Karibu" inapimwa hivi: kama saa 20 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi, ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo wenye nyumba wote wanaingia, na pengine jirani wa ukuta mmoja na mwenzake wa kazini. Lakini kabla ya kubisha mlango wa jirani, baba lazima akubali. Akisema hapana kwa majirani, unawachunguza wa nyumbani tu na unasubiri; mara nyingi baada ya miezi miwili mitatu anakubali mwenyewe akiona mabaka yanafifia. Njia nyingine ni kukagua ngozi za avenyu nzima kwa magonjwa yote ya ngozi, bila kutaja jina la mtu.

Dozi: miaka 15 na zaidi, mg 600, yaani kapsuli mbili za 300. Miaka 10 hadi 14, mg 450. Miaka 6 hadi 9 mwenye kilo 20 au zaidi, mg 300. Aliye chini ya kilo 20 lakini ametimiza miaka 2, mg 10 hadi 15 kwa kila kilo. Inamezwa mbele yako, haiachwi nyumbani. Waambie mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu siku hiyo, la sivyo usiku huo huo watakupigia simu kwamba umewatilia sumu.

Kwa nyumba yako. Mtoto wa baka hapewi dozi moja. Akithibitishwa anapewa dawa kamili. Kumpa kapsuli moja ni kumtibu nusu. Mama mwenye mimba anachunguzwa sasa na anapewa baada ya kujifungua. Bibi anayekohoa hapewi kabla ya makohozi yake kupimwa CSDT (kituo cha kupima na kutibu kifua kikuu), na hili msilichukulie kirahisi: rifampisini moja kwa mwenye kifua kikuu haimtibu, na inaweza kuwafunza bakteria wa kifua kikuu kuistahimili dawa ile tunayoitegemea zaidi. Mdogo wa mwaka na nusu anasubiri atimize miaka 2. Uliza pia nani amemeza rifampisini ndani ya miaka 2 iliyopita, na nani ana ugonjwa wa ini au figo, hao wanarukwa. Ukitoa hao na baba, kati ya tisa watabaki wanne, na hao wanne lazima kwanza wapite kwenye jua na pamba kama mtoto.

Kapsuli hiyo si chanjo. Katika utafiti wa COLEP huko Bangladesh ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya kwanza. Waliobaki wanaweza kuugua bado, na kwa subira ya bakteria huyu ndiyo maana mnawakagua mara moja kwa mwaka kwa miaka 5 isiyopungua. Wengi hukagua mara moja, wanagawa kapsuli, wanafunga fishi. Chanjo ya BCG ya utotoni pia inakinga kwa kiasi, kwa hiyo mtoto atakayezaliwa asiikose.

Dawa za mtoto, ikiwa ni PB: plakete ya watoto ya miaka 10 hadi 14, sita, zimalizike ndani ya miezi 9 isizidi. Mara moja kila siku 28, mbele ya muuguzi, rifampisini mg 450 na klofazimini mg 150; nyumbani dapsoni mg 50 kila siku na klofazimini mg 50 siku moja ndiyo, siku moja hapana. Hapo kwenye siku ya kuruka ndipo familia hukosea, basi wekeni alama kwa biki kwenye plakete yenyewe. Baba: rifampisini 600 na klofazimini 300 kwa mwezi, dapsoni 100 na klofazimini 50 kwa siku, plakete 12 ndani ya miezi 18. Klofazimini itawatia weusi ngozini. Utaisha taratibu baada ya dawa kuisha. Upele wa mwili mzima na homa katika wiki za mwanzo ni dapsoni inayokataliwa na mwili: isimamishwe siku hiyo hiyo na aende kituoni. Dawa hizi ni za bure. Akiombwa pesa ya plakete, hiyo si halali.

Jambo la kuongezea: mwaka 2007 nchi yetu, Kongo-Kinshasa, ilifikia chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10,000, na watu wengi walisikia neno "kutokomezwa" wakadhani ukoma umekwisha. Haukwisha. Kilichopungua ni macho ya kuutambua, hata vituoni. Mtu anaweza kupita mikononi mwa wauguzi watatu na tyubu tatu kabla mmoja hajamgusa kwa pamba.

reko_ruashi

Aksanti sana. Nimefanya kama mlivyosema. Nje ya baka mtoto alihesabu kila mguso. Ndani nilimgusa mara sita, akahesabu moja tu. Baka lingine dogo nimelikuta kalioni, mama hakulijua. Vidole na nyayo viko sawa, kiwiko sikuona tofauti.

Ila sasa baba. Tangu juzi mabaka yake mawili ya mkono wa kulia yamevimba na kuwa mekundu, na kiwiko kinamuuma hadi kidole kidogo. Wapangaji wanasema dawa ndiyo inamwua, naye anataka kuiacha.

docta_ngozi

Asiiache hata siku moja. Hiyo inaitwa reaksioni: kinga ya mwili imeamka na inawashambulia bakteria waliokufa na walio hai pale walipo, yaani kwenye ngozi na ndani ya neva. Si dawa kumdhuru, wala si ugonjwa kuongezeka. Inaweza kutokea kabla ya dawa, wakati wa dawa, au hata baada ya kumaliza. Kama mngeniambia mabaka tu, ningesema wiki hii. Kiwiko kikiuma ni kesho asubuhi, kwa sababu neva iliyovimba ndani ya ule mfereji mwembamba inajikaba yenyewe, na kidole kidogo kinaweza kukunjika moja kwa moja.

Kituoni watampima nguvu na biki kwanza, kisha prednisoloni, kwa mtu mzima kwa kawaida mg 40 asubuhi baada ya kula, bila kuzidi mg 1 kwa kilo, ikipunguzwa hatua kwa hatua kwa takriban wiki 20. Kabla ya kuanza wamuulize kikohozi, wapime sukari na shinikizo la damu, na wampe dawa ya minyoo, maana prednisoloni inaweza kuwaamsha minyoo wa aina fulani wakasambaa mwilini. Asiinunue farmasi akaimeza siku tano kama wengi wanavyofanya. Uvimbe utashuka, ataacha, na neva itarudi kuvimba bila yeye kujua.

kine_lshi

Usiku huu mkono ulale kwenye shali, kiwiko kimekunjwa kidogo tu, kisibanwe wala kukandwa kwa mafuta ya moto. Asibebe ndoo kwa mkono huo.

Na kuanzia sasa, kila anapokuja kuchukua plakete apimwe nguvu na biki, yeye na mtoto, matokeo yaandikwe kwenye fishi na tarehe. Neva nyingine huzimika bila maumivu yoyote. Kiganja kilichosikia pointi zote mwezi uliopita na mwezi huu kimekosa mbili kinahitaji prednisoloni kama hiki kinachouma leo, na bila ile karatasi ya mwezi uliopita hakuna atakayeona tofauti.

reko_ruashi

Nimemfunga shali. Ninakwenda nao wote watatu kesho saa moja asubuhi, baba, mtoto na bibi na kikopo chake cha makohozi.